Kisu cha Babu na Bei Yake



Juma hili nazungumzia visu. Sisemi vile vya dukani, bali visu vya mpini wa mti na ala ya ngozi ambavyo bado vimehifadhiwa katika baadhi ya nyumba za Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini.

Kwihara inajulikana. Hapo David Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na tembe alimokaa sasa ni makumbusho. Penye makumbusho hapakosi wageni, na penye wageni hapakosi anayeuliza, "Mzee, huna kitu cha zamani cha kuuza?"

Tuanze na ubora. Wahunzi wa zamani walichoma mawe ya chuma kwa makaa, huku mivukuto ikipulizwa, kisha wakalifua bonge lile mpaka takataka zitoke. Wasumbwa na Warongo walisifika kwa kazi hiyo, na katika Unyamwezi majembe yalitolewa hata kuwa mahari. Lakini chuma hicho mara nyingi kilikuwa laini. Kisu kilichofuliwa kwa springi ya lori hushika makali kwa muda mrefu zaidi. Anayetaka kuchuna mbuzi na achukue hicho.

Kwa nini basi mgeni anataka kile cha zamani? Kwa sababu hanunui makali. Ananunua alama za nyundo kwenye bapa, mpini uliolainishwa na viganja vya watu, na habari za kisu chenyewe. Kwa hiyo anayekipiga msasa ili king'ae anaifuta thamani hiyo kwa mkono wake. Pangusa vumbi, paka mafuta kidogo kuzuia kutu, basi.

Mzee mmoja alinionyesha kisu chake akisema, "Mwanangu, hiki alikifua babu yangu." Nikamwuliza jina la babu, naye akalitaja pamoja na kijiji alikotoka. Wajukuu waliokaa nasi hawakuwa wamepata kulisikia jina hilo.

Hapo ndipo penye hasara. Vitu vingi vya aina hii vilivyochukuliwa wakati wa Wajerumani vimo katika makumbusho ya Ulaya, na mara nyingi kumbukumbu zake humtaja ofisa aliyevipeleka, si fundi aliyevitengeneza.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kabla ya kupeleka nje ya nchi vitu vya jadi vya namna hii. Mwenye kisu na ajue hivyo kabla ya kupokea fedha.

Simlaumu anayeuza, ada za shule hazingoji. Lakini kwanza waite wajukuu. Andikeni kwenye daftari nani alikifua, wapi, na kilifanya kazi gani. Mkimaliza, huenda bei ikapanda, au huenda mkaamua kisiuzwe.