Kibali cha Pwani na Funguo za Sanduku



Kwanza tunakupongezeni kwa kutimiza miaka 10 ya kuweka na kukopa. Sisi ni watu wa tathmini ya mazingira. Mwenye mradi mkubwa wa hoteli au gati haanzi tu kumwaga zege. Chini ya Sheria Nambari 3 ya 2015 huomba kibali kwanza, na ZEMA, mamlaka iliyoundwa na sheria hiyo, ndiyo inayoamua. Kazi yetu ni kupima: maji yanapita wapi, mikoko gani itakatwa, na nani anakula kutokana na pwani ile.

Kwa swali hilo la mwisho tuliwahi kukosea. Katika kijiji ambacho hatutakitaja tuliita mkutano saa 4 asubuhi. Walikuja wanaume watupu. Wakasema pale pana tope tu, hapana kazi. Tukaandika hivyo hivyo. Kumbe ilikuwa bamvua! Tulipoteremka ufukweni maji yamekupwa, kinamama wametapakaa, huyu anafunga mwani, yule anachokoa chaza. Wenye pwani walikuwa kazini, na saa tuliyowaita ndiyo saa yao ya riziki. Tuliona haya. Tukarudi siku za maji mafu, tukawasikiliza, ripoti ikaandikwa upya.

Ndugu zetu, cheti kikishatoka na mikandaa ikishafukiwa, kusema "samahani" hakurudishi kitu. Nyinyi wa Mkokotoni hamhitaji kuambiwa kuwa mikoko huzuia mawimbi yasile ardhi, na kuwa kwenye mizizi yake hukulia kamba na samaki wachanga. Wengi wenu hata fedha ya hisa inatoka huko huko pwani.

Sanduku lenu lina kufuli tatu, na hakuna anayelifungua peke yake. Basi na pwani ifanyeni hivyo. Mkisikia kuna mradi, mwulizeni sheha. Mkiitwa mkutanoni saa za maji kupwa, semeni, "Saa hiyo hatupo, tupangieni nyingine." Mkifika, msikae nyuma mkanong'onezana. Mmoja wenu asimame aseme, na ahakikishe limeandikwa. Lisiloandikwa, mwenye kuamua halioni.

Tunakutakieni miaka 10 mingine ya kheri.