Dhiki ya Nyumba Katika Same
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama tawini na mwanachama mwenzetu, mwenye duka katika mji wa Same)



 Mmenitaka nizungumze juu ya nyumba, na kwa kuwa riziki yangu imeniweka Same, chini ya milima ya Upare, nitasema khasa khabari za huko, kisha nitaonyesha zinavyotuhusu sisi watu wa Visiwani. Najua wako watakaouliza chama cha visiwa kina nini na milima ya Upare. Nami nitawauliza wao: ni nyumba gani hapa isiyokuwa na kijana wake Bara, aliyepanga chumba, alipaye kodi kwa mtu asiyemjua?

Same ni mji wa njiani. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inaupita, na reli ya Tanga iko papo hapo. Milima imesimama nyuma yake, nayo ndiyo izuiayo mvua. Juu, kule Chome, chini ya kilele cha Shengena, ni msitu na ukungu, na chini ni migunga na vumbi. Kwa sensa ya 2022 wilaya nzima ina watu wapatao laki tatu. Zamani Mpare aliishi juu, penye shamba la ukoo, na maji ya ndiva aliyoyagawa na jirani zake kwa zamu. Siku hizi shamba limegawanywa hata mjukuu hupata upande wa kitanda tu, na buni si mali tena kama ilivyokuwa. Basi vijana huteremka. Huteremka Same, na Hedaru, na Makanya penye machimbo ya jasi. Wengine huendesha pikipiki, wengine hupika chakula penye kituo cha mabasi. Pamoja nao wako walimu, wauguzi na makarani waliopelekwa na Serikali. Wote hao wanataka mahali pa kulala.

Na wasioteremka nao wana dhiki yao. Mwezi wa Novemba mwaka 2009, katika kijiji cha Goha, upande wa Mamba Miamba, mlima uliporomoka kwa mvua ukaua watu zaidi ya 20. Mtu hajengi penye mteremko mkali kwa kupenda mandhari.

Hebu tutazame hesabu ya mpangaji, maana mimi ni mtu wa hesabu. Tuseme chumba kimoja ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki ya mwezi, anataka ya miezi sita, yaani shilingi 240,000 kabla ya kutoa ufunguo. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, ikawa 280,000. Muuza maandazi azitoe wapi kwa siku moja? Hukopa; na akopapo, mimi hupata khabari kabla ya jirani zake. Mteja aliyezoea kuchukua unga kilo tano huanza kuchukua kilo moja, mafuta ya kupimiwa, sukari robo, na jina lake hurefuka katika daftari langu. Sina haja ya kumwuliza. Najua kwamba miezi sita yake imekwisha.

Juu ya kodi hiyo pana nyingine. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika umeme wa Luku: kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, walakini anunuaye umeme ni mpangaji. Ati anaweza kumdai mwenye nyumba arudishiwe. Mabwana, ni mpangaji gani atakayekwenda kudai shilingi 1,500 kwa mtu awezaye kumtoa nje? Halafu mwaka 2022 ikatangazwa kwamba mpangaji azuie asilimia 10 ya kodi na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Mpangaji akageuzwa mtoza ushuru bila ya mshahara, na wenye nyumba, kama ilivyokuwa dhahiri kwa kila mtu isipokuwa watunga sheria, wakasema: basi kodi na iongezwe kwa kiasi hicho.

Sasa nije kwenye jambo lililonistaajabisha. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwauliza wateja wangu: je, Halmashauri ikijenga nyumba za kupangisha kwa kodi nafuu, mtaingia? Nilidhani watashangilia. Mzee mmoja aliyeteremka kutoka Suji alinijibu: "Mwanangu, kota ni ya mtumishi. Ukistaafu unaambiwa toka, na mjane wako anatolewa vyombo nje." Mama mmoja muuguzi akaniambia, "Kaka, bora pagala langu lisilo bati kuliko kota nzuri ya watu." Na kijana wa pikipiki hakufikiri hata kidogo, alisema, "Zitakuwa za wenyewe," akawasha pikipiki yake akaenda zake.

Wako wasomi wasemao kwamba watu wetu hawapendi kupanga kwa sababu ya ujinga na mila, na kwamba kila Mpare ataka kujenga kwao mlimani tu. Kweli, ukipanda Suji au Mbaga, na hata Usangi upande wa Mwanga, utaona majumba mazuri ya tofali za kuchoma na bati za rangi, yamefungwa miezi kumi na moja, yana mlinzi na mbwa. Wenyewe wako Dar es Salaam na hurudi Desemba. Na chini, kando ya barabara kuu, utaona mapagala yasiyohesabika, kuta zimesimama, nyasi zimeota sebuleni, mwenyewe anangoja apate bati miaka minane. Fedha ya nchi imelala katika kuta hizo. Walakini mimi sioni ujinga ndani yake. Naona mtu asiyeamini nyumba yoyote ila ile aliyoijenga kwa mkono wake, na sababu za kutoamini anazo.

Hawa ni watu wenye kumbukumbu. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakakaa Same wakiikataa kodi ya mbiru, ambayo kwayo mali ya kila mtu ilikadiriwa na wakubwa wa baraza, na kila mmoja akatozwa kwa kadiri walivyomwona. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakasimama, na mwaka 1947 kodi ile haikuwapo tena. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwenyeji wa Upare, ameyaeleza hayo katika kitabu kilichotoka 1971. Wajukuu wa watu wale, wamwonapo karani wa Halmashauri akipita na karatasi akihesabu vyumba, hawafikiri kwamba amekuja kuwajengea.

Na Serikali yenyewe imefanya nini ya kuaminiwa? Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru wa Tanganyika, nalo lilibomoa vibanda Dar es Salaam na kujenga nyumba za watu wa chini. Hilo lilikuwa jema. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakatwaliwa, yakatiwa mikononi mwa Msajili wa Majumba; wenye mali walilia, na sikusimama hapa kuwatetea wala kuwalaumu, ila nasema kwamba baada ya hayo Serikali ikawa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote katika Bara. Kisha tangu mwaka 2002 nyumba za Serikali kwa maelfu zikauzwa, nazo ziliuzwa kwa watumishi waliokuwamo ndani yake. Aliyekuja nyuma yao katika kazi ile ile akakuta mlango umefungwa, akaenda kutafuta dalali. Na mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyokuwapo tangu 1984, ikafutwa. Kwa muda wa miaka mitatu hivi raia aliondolewa nyumba ya umma kwa mkono mmoja na kinga ya kodi kwa mkono wa pili.

Baadaye Shirika lilijenga nyumba zilizoitwa za gharama nafuu katika wilaya za Bara, nazo zilijengwa ili ziuzwe. Muuguzi na mwalimu wa shule ya mlimani hawanunui nyumba kwa mamilioni, wala kijana wa pikipiki hapewi mkopo wa benki wa miaka 20, kwa kuwa hana karatasi ya mshahara. Unafuu huo ni wa nani?

Wala si sisi peke yetu. Uingereza walianza kujenga nyumba za halmashauri kwa wingi baada ya sheria ya mwaka 1919, mpaka fundi na mchukuzi wakawa na nyumba yenye bustani. Mwaka 1980 ikatungwa sheria ya kumwezesha mpangaji kuinunua nyumba ile kwa bei ya chini. Zimeuzwa takriban milioni mbili, wala hazikujengwa nyingine za kujaza pengo. Na leo nyingi katika hizo wamekwisha kuzinunua matajiri nao wanazipangisha kwa bei ya soko, na halmashauri ile ile iliyouza huwalipia masikini kodi ndani ya nyumba iliyokuwa yake. Mwenye duka afanyaye biashara ya namna hiyo hufilisika kabla ya mwaka kwisha.

Mabwana, sisi tuliosoma chuoni tuna neno la jambo hili, nalo si geni: wakfu. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar akataka shauri kwa Mtume (S.A.W.), aliambiwa azuie asili yake na atoe manufaa yake, ikawa haiuzwi, haitolewi hiba, wala hairithiwi. Mji Mkongwe wa Unguja ulijaa nyumba za wakfu, na watu wengi wasiokuwa na kitu waliishi humo kwa kodi ndogo au bila ya kodi. Sisemi kwamba Halmashauri ya Same igeuke Kamisheni ya Wakfu, na wengi wa Wapare ni Wakristo ambao Mungu amewapa njia zao. Nasema kanuni ile ndiyo dawa ya maradhi haya: nyumba ijengwayo kwa fedha ya umma ifungwe kwa sheria isiuzwe kabisa, si kwa mtumishi, si kwa mkubwa, si kwa mjane wa mkubwa, na kodi yake itengeneze paa lake na kujenga nyingine. Mpangaji awe na mkataba wa miaka, si wa hisani, na akifa, mke wake au mume wake aendelee kukaa kwa kodi ile ile. Ukimwambia hivyo yule mzee wa Suji, atakusikiliza. Mimi nimemwambia, akanyamaza kitambo, akauliza, "Na nani atawazuia wasiuze?" Hilo ndilo swali, na ndilo linalotaka chama cha upinzani.

Upare wana desturi ya msaragambo. Baragumu hulia na watu hutoka kwa majembe kulima njia au kuzibua mfereji, na madarasa mengi milimani yamesimama kwa kazi hiyo. Wanaweza kufyatua tofali za nyumba za walimu wa watoto wao, maana mwalimu asiye na nyumba kule juu huomba uhamisho kabla hajayajua majina ya wanafunzi. Walakini ni nani atakayetoka baragumu ikilia, ikiwa ajua kwamba jasho lake litauzwa na wengine?

Nasi Visiwani tusijione. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wakajengewa majumba ya Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, kisha Michenzani, na Pemba pia tukaletewa Wete, Chake Chake na Mkoani. Hatukatai kwamba watu walipata makazi. Mwenye kukataa hilo hatasikilizwa katika mengine. Walakini muulizeni mkaazi wa ghorofa ya juu ni ndoo ngapi amepandisha kwa ngazi, na haki yake juu ya nyumba ile imeandikwa wapi. Na leo, huko Fumba, nyumba mpya hutangazwa kwa dola.

Mwezi wa Machi 2025 mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe ulizinduliwa, baada ya kungojwa zaidi ya miaka kumi. Watu walifurahi, nami nilifurahi, maana nimenunua maji ya mkokoteni miaka mingi. Wapangaji wangu wa daftari walifurahi nusu. Wanajua kwamba nyumba ikipata bomba, mwenye nyumba hupata bei mpya, na hapana sheria ya kumwuliza kwa nini.

Ndugu Mwenyekiti, kwa hiyo naomba tawi lipitishe mambo mawili yapelekwe kwa wajumbe wetu, walio Barazani na walio Bungeni: kwamba kutoza kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele kukatazwe kwa sheria, yenye baraza la kuisimamia katika kila wilaya, na kwamba nyumba za umma zisiuzwe. Karani ana daftari pale mezani. Mwenye risiti ya kodi na aiandikishe kabla ya kuondoka, yake au ya mwanawe aliyeko Bara: kodi ya mwezi, miezi aliyotakiwa kulipa mbele, na mtaa. Na wale ambao hawakupewa risiti waandikishe pia, tena wao wapewe nafasi ya kwanza.