INJINI YA ZAMANI NDANI YA PIKAPU MPYA

Maneno yaliyosemwa na fundi wa karakana ya dizeli katika mkutano wa wanachama



Nimeombwa na Halmashauri niseme habari ya pikapu ya kikundi chetu cha akiba, kabla hamjapiga kura mwisho wa mwezi. Mwajua wote kwamba ile Toyota Hilux ya 2008 imesimama, na kwamba fundi mmoja wa mjini ametushauri aitoe injini yake, ya aina ya 2KD, atie 3L ya zamani. Wengine wenu husema ni ujinga kurudi nyuma, na wengine husema ndiyo akili. Mimi naona jambo hili lategemea mzigo, njia na karatasi, wala si injini peke yake.

Kwanza tufahamu kwa nini watu hufanya hivi. Injini ya 2KD hupewa mafuta kwa bomba moja la presha kubwa, zaidi ya bar 1,000, na kompyuta ndiyo inayoiambia kila nozeli ifungue lini na ifunge lini. Mafuta yakiwa machafu, au yakichanganywa na mafuta ya taa, nozeli zile huharibika upesi, na bei yake mnaijua. Uchanganyaji huo ulikuwa umezidi sana hata Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Lakini 3L ni mashine ya chuma tupu. Pampu yake huzungushwa na injini yenyewe, nozeli zake hufunguka kwa bar 100 na kitu, na fundi mwenye spana na taa ya mkono aweza kuitengeneza kando ya njia. Basi anayeitaka ana sababu, tusimcheke.

Sasa tutazame mlima. 3L ni kubwa kwa ujazo, sentimita 2,779, na 2KD ni 2,494 tu, lakini ile ndogo yavuta zaidi, kwa sababu ina tabo inayoishindilia hewa. 3L haina tabo. Huvuta hewa kama mtu apumuavyo, na hewa ikipungua, nguvu nayo hupungua. Sisi wa reli hatuhitaji kuambiwa Timboroa ni wapi. Pale stesheni ni karibu mita 2,740 juu ya bahari, na hewa ya hapo imepungua karibu robo kuliko ya Mombasa. Pikapu yetu hubeba viazi kutoka huko huko juu. Kwa hiyo mkitia 3L, mzigo upunguzwe, kama vile treni ipunguzwavyo mabehewa penye mwinuko, na pampu ipimwe na mtu wa pampu ili isimwage mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Mkiona moshi mweusi unafuata gari njia nzima, jueni ni fedha zenu zinazopaa hewani.

Jambo ambalo nataka mlisikie vizuri zaidi ni breki. Breki za treni ni za hewa iliyoshindiliwa, lakini breki za pikapu ni za mafuta, na mguu wa dereva husaidiwa na busta iliyo nyuma ya pedali. Busta hiyo hufanya kazi kwa kunyonywa hewa. Injini ya petroli huinyonya yenyewe. Injini ya dizeli haiwezi, kwa hiyo lazima iwe na pampu yake ya kunyonya. Katika injini za jamii ya L, pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta. Sasa fundi akiona alteneta aliyonayo haina pampu, na akaifunga kwa kuwa inachaji vizuri, gari litawaka, litakwenda, taa zitawaka, na kila mtu atapiga makofi. Halafu dereva ateremke na tani moja ya viazi, akanyage breki mara mbili tatu, akute pedali imekuwa ngumu kama reli. Pampu hiyo pia hulainishwa na oili ya injini kwa mipira yake. Mpira mmoja ukiachwa wazi au kuzibwa, pampu hufa. Mimi nisingepanda gari hilo mpaka nimezima injini, nikakanyaga pedali mpaka ikakaza, kisha nikaiwasha mguu ukiwa pale pale. Pedali ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Isiposhuka, msitoke uani.

Tena iko habari ya geji. Katika pikapu nyingi za siku hizi, sindano ya joto hupata habari zake kwa kompyuta ya injini. Kompyuta ikitolewa, sindano hulala. Dereva hajui maji yamechemka mpaka aone mvuke, na wakati huo silinda hedi imekwisha kupasuka. Fungeni geji ya joto na ya presha ya oili zilizo mbali na kompyuta, zenye waya zake wenyewe. Si ghali.

Katika kununua, msinunue injini iliyokaa chini peke yake ikiwa imepakwa rangi. Tafuteni ile iliyo kamili, pamoja na giaboksi yake, klachi, alteneta yenye pampu, na miguu yake, maana kila kitu kinachokosekana kitatengenezwa kwa kuchomelea, na hapo ndipo hesabu huharibika. Mkanda wa taiming ubadilishwe kabla injini haijaingia, hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya. Toyota wenyewe waliuza umbo hilo hilo la Hilux katika nchi nyingine likiwa na 5L, ndugu yake 3L mwenye ujazo mkubwa kidogo. Yaani vipande vya kufungia vilivyotoka kiwandani vipo duniani, naye fundi aulizwe kama anavijua.

Mwisho ni karatasi. Namba ya injini imeandikwa katika logbuku. Injini ikibadilishwa, lazima mwenye gari aombe NTSA waibadilishe namba, na gari likaguliwe, na risiti ya injini iwepo, ili isije ikawa ya wizi. Bima nayo iarifiwe. Kikundi kikikawia, anayesimamishwa barabarani si Mwenyekiti wala mweka hazina, ni yule kijana tuliyemwajiri kuendesha, na ndiye atakayelala kituoni kwa gari lisilo lake.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Zitakwe bei mbili kwa maandishi: ya kutengeneza 2KD yote, nozeli na pampu, na ya kutia 3L pamoja na pampu ya breki, geji, ukaguzi na logbuku. Kama tofauti ni ndogo, tengenezeni iliyopo, kwa sababu ya ule mlima. Kama ni kubwa, tieni 3L na mpunguze magunia. Na kwa njia yo yote, dereva asipewe ufunguo kabla logbuku haijarudi.

Sasa nitajibu maswali, kwanza ya madereva.