Dakika za Kwanza Zi Mikononi mwa Jirani



Leo tunazungumzia majeruhi na yule anayemfikia kwanza. Tutaanza na mji wa mbali, kwa kuwa kisa chake kinatugusa sisi polisi.

Katika miaka ya 1960, mjini Pittsburgh, Marekani, wagonjwa wengi wa dharura walichukuliwa kwa gari la polisi. Askari walimpakia mtu nyuma na kumkimbiza hospitali. Njiani hakuwapo wa kumhudumia. Katika mtaa wa Hill District, walikoishi Wamarekani weusi wengi, gari hilo lilichelewa mara kwa mara, na wapo walioogopa hata kuliita.

Mwaka 1966 daktari Peter Safar, mmoja wa waasisi wa mbinu ya kumrudishia mtu pumzi na mapigo ya moyo, alifiwa na binti yake kwa ugonjwa wa pumu. Mzazi huyo hakuishia kwenye kilio. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake walianzisha huduma ya magari ya wagonjwa iliyoitwa Freedom House. Waliwachukua vijana wa mtaa uleule, wengi wao wakiwa hawana kazi, wakawafundisha kwa takribani saa 300. Vijana hao wakawa miongoni mwa wa kwanza nchini humo kumtibu mgonjwa pale alipoangukia na njia nzima hadi hospitali. Watu waliwaita bila hofu, maana walikuwa watoto wao. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 1975, jiji lilipoanzisha ya kwake, lakini njia yao ya kazi ilikwisha kuenea.

Wahenga walinena: fimbo ya mbali haiui nyoka. Hapa mpakani gari la wagonjwa laweza kuwa mbali. Aliye karibu ni dereva wa bodaboda, mchuuzi au askari wa zamu. Basi majeruhi akitokwa na damu, likandamizeni jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Akizirai lakini anapumua, mlazeni kwa ubavu asije akapaliwa. Msimnyanyue kwa mikono na miguu. Asihamishwe kabla ya msaada kufika, isipokuwa pale alipo pana hatari.

Twajua kinachowazuia wengi: hofu ya kuhojiwa kituoni. Tunatamka wazi kwamba kumwokoa majeruhi si kosa, awe raia wa upande huu au wa ng'ambo. Askari akiuliza, anatafuta kujua lililotokea. Akimtisha aliyesaidia, mleteeni habari mkuu wa kituo.

Nasi askari tukumbuke kwamba kumpakia mtu garini si kumhudumia. Tunaviomba vijiji vitoe vijana, wakae pamoja na askari wetu mbele ya wauguzi wa kituo cha afya, wajifunze. Siku ya ajali hapatakuwa na muda wa kufundishana.