Mtu Aliyeuza Nchi Isiyokuwako

Jioni hii twataka kuwasimulia habari za mtu aliyeuza nchi ambayo haikuwako. Mtu auzaye shamba la mwenzake twamjua, na mtu auzaye ng'ombe wa wizi twamjua pia. Kila baraza limewahi kuwaamua watu wa namna hiyo. Lakini huyu aliuza nchi nzima, pamoja na mji wake mkuu, benki yake na noti zake. Wala walioinunua hawakuwa wajinga. Miongoni mwao walikuwamo waganga, wanasheria, makarani na mafundi, watu wa London na Edinburgh waliosoma. Tena sisi twaona kwamba kama wasingalijua kusoma, wengi wao wasingalikufa.

Jina lake ni Gregor MacGregor. Alizaliwa Uskoti mwaka 1786, akaingia jeshi la Uingereza angali kijana, kisha mwaka 1812 akavuka bahari kwenda Venezuela, ambako watu walikuwa wakipigana ili watoke katika utawala wa Hispania. Huko akaoa binti wa jamaa ya Simón Bolívar, jemadari mkuu wa vita hivyo, naye mwenyewe akapewa ujemadari. Haifai kumnyima haki yake: mwaka 1816 aliwaongoza askari waliozingirwa na adui, akawapitisha msituni zaidi ya mwezi mmoja hata wakapona, na sifa zake zikaenea. Lakini mwaka 1819, huko Portobelo, Wahispania walipowashambulia alfajiri, yeye alitoka kwa dirishani akakimbilia merikebu zake, akawaacha askari wake mikononi mwa adui. Habari ya kwanza ilivuma sana London. Hii ya pili haikuvuma vivyo hivyo.

Mwaka 1820 akafika Pwani ya Wamiskito, upande wa mashariki wa Amerika ya Kati. Mfalme wao, George Frederic Augustus, akamtilia sahihi hati ya kumpa ardhi, eka 8,000,000, karibu na Mto Mweusi, katika nchi ambayo leo ni Honduras. Yasimuliwa kwamba bei yake ilikuwa pombe kali na vito. Basi hati hiyo ilikuwa ya kweli, na ardhi ilikuwako. Lakini ilikuwa ni msitu na vinamasi, wala hati haikumfanya MacGregor kuwa mtawala wa mtu yeyote.

Aliporudi London mwaka 1821, alijitambulisha kuwa yeye ndiye Cazique, yaani mkuu, wa nchi iitwayo Poyais. Watu walimkaribisha kwa heshima kubwa. Kwani wangalijuaje? Miaka ile Colombia, Chile na Peru zilikuwa zimetoka tu mikononi mwa Hispania, na majina yao yalikuwa mapya masikioni mwa watu wa Ulaya. Poyais ikawa jina moja jipya zaidi. Naye MacGregor alikuwa na mke kutoka huko, na makovu ya vita vya kweli.

Hapa ndipo tutakapokaa kidogo, maana ustadi wa mtu huyu haukuwa katika ulimi wake tu, ulikuwa katika karatasi. Mwaka 1822 kilitoka kitabu cha kurasa zaidi ya 350 kueleza habari za Poyais, chenye jina la Kapteni Thomas Strangeways. Kitabu kilisema ya kuwa udongo wa huko hutoa mavuno matatu ya mahindi kwa mwaka, na kwamba mitoni mna dhahabu. Sehemu kubwa ilikuwa imenakiliwa katika vitabu vya zamani vilivyoandika juu ya nchi nyingine za upande ule, kwa hiyo msomaji aliyekuwa na elimu alikutana na mambo mengi aliyokwisha kuyajua kuwa ni ya kweli. Watu waliambiwa tena kwamba mji mkuu, St Joseph, una majumba mazuri, kanisa kubwa na benki. Noti za benki hiyo zilipigwa chapa Uskoti, na mpiga chapa alikuwa yule yule aliyepiga noti za Benki ya Uskoti yenyewe. Zilikuwako hati za kununulia ardhi zenye mihuri. Zilikuwako barua za kuwapa watu vyeo katika serikali ya Poyais. Mtu akiwa na shaka juu ya karatasi moja, karatasi ya pili ilimwondolea.

Sisi tufundishao walimu twawasikia wanafunzi wetu wakibishana, na yule anayetaka kuyamaliza maneno husema, "Imeandikwa kitabuni." Huwa twafurahi, maana ni dalili ya kupenda kusoma. Lakini siku hizi humwuliza, "Aliyekiandika alifika huko?"

Ardhi ilianza kuuzwa kwa shilingi 2 na peni 3 kwa eka, bei ambayo fundi mwenye akiba ndogo aliiweza. Wenye mali zaidi waliombwa waikopeshe serikali ya Poyais pauni 200,000, katika Oktoba 1822. Hati za deni la serikali ya Uingereza zilikuwa zikileta faida ya karibu pauni 3 kwa kila 100. Poyais iliahidi 6. Fedha zikatoka.

Merikebu ya kwanza ilitoka London Septemba 1822, na watu 70 ndani yake. Ya pili, iliyoitwa Kennersley Castle, iling'oa nanga Leith, bandari ya Edinburgh, Januari 1823, ikiwa na watu karibu 200, wanaume, wanawake na watoto. MacGregor mwenyewe alipanda merikebuni kuwaaga. Akawatangazia ya kuwa kwa sababu hii ni safari ya kwanza kutoka Uskoti, wanawake na watoto hawatalipa nauli. Wakampigia vigelegele mpaka mashua yake ikarudi pwani. Alikuwamo mshona viatu mmoja aliyeahidiwa kuwa mshonaji wa mke wa Cazique. Wengi walikuwa wamebadili pauni zao kwa noti za Poyais.

Walifika Machi 1823. Hapakuwa na bandari wala mji. Palikuwa na magofu machache ya makao ya Waingereza yaliyoachwa tangu karne iliyotangulia, na wenzao wa merikebu ya kwanza wakikaa katika vibanda. Merikebu yao ilikuwa imechukuliwa na dhoruba pamoja na vitu vingi walivyovihitaji. Ya pili nayo ikaondoka. Hapo tena mvua zikaanza. Siku hizo hapana mganga popote duniani aliyejua ya kuwa malaria huletwa na mbu, nao walikaa katikati ya vinamasi bila nyumba za haja. Kabla ya wiki nyingi kupita karibu kila mtu alikuwa mgonjwa. Yule mshona viatu alijipiga risasi.

Mwezi wa Mei ilipita merikebu kutoka Belize, na mkuu wa mahakama ya huko alikuwamo. Akawaambia wazi kwamba hakuna nchi iitwayo Poyais. Mfalme wa Wamiskito naye alikuwa ameivunja hati yake. Wakachukuliwa Belize, na wengi wakafia huko hospitalini. Katika watu kama 250 waliokwenda, karibu 180 walikufa. Waliorudi London Oktoba 1823 hawakufika 50.

MacGregor hakuwapo kuwapokea. Alikuwa amekwenda Paris. Huko akaanza tena biashara ile ile, mpaka makarani wa serikali ya Ufaransa wakastaajabu kuona watu wakiomba pasi za kusafiri kwenda nchi wasiyoijua. Alikamatwa Desemba 1825, akashtakiwa, na mwaka 1826 akaachiliwa. Mwenzake mmoja ndiye aliyehukumiwa kifungo. Baada ya miaka mingine ya kuuza hati zisizo na kitu, alirudi Venezuela, akarudishiwa cheo cha jemadari na mshahara wake. Alipokufa huko Caracas, Desemba 1845, alizikwa katika kanisa kuu kwa heshima za kijeshi, na rais wa nchi akafuata jeneza lake.

Lakini jambo linalotushangaza kuliko hayo yote ni hili. Waliporudi wale wachache, magazeti ya London yalimshambulia MacGregor kwa ukali, na baadhi yao wakatoa hati ya kiapo ya kumtetea. Walisema kosa ni la wale aliowaweka kuwa wakuu wa safari. Mmoja wao, James Hastie, alikuwa amefiwa na watoto wake wawili kwa sababu ya safari hiyo. Aliandika kitabu kueleza yaliyowapata, siku za mvua, homa na njaa. Na katika kitabu hicho hakumlaumu MacGregor.