Elimu Isiyo na Cheti, na Mizani Yake



Siku hii twaiita Jubilii, na wengi hatujui ya kuwa asili ya neno hilo ni Kiebrania. Yobeli ni pembe ya kondoo dume. Sheria iliagiza baragumu ipigwe katika mwaka wa 50, watumwa waachiwe huru, na kila mtu airudie milki yake. Basi tumeona vema kusema nanyi habari ya lugha hiyo, na habari ya watu wanaojifunza pasipo darasa. Elimu yao ni milki yao. Je, watairudia kwa njia gani?

Twamkumbuka mwalimu mmoja wa mtaa wetu, ambaye sasa amelala. Asubuhi aliuza mkaa, alasiri alifundisha wakatekumeni, na usiku aliwasha taa akasoma Kiebrania katika kitabu kikuukuu alichopewa na padre. Alianza na herufi zile 22, akisoma toka kuume kwenda kushoto. Jirani yake Mwislamu, aliyesomeshwa Kurani utotoni, alimtania akisema, “Mwalimu, leo ndipo unasoma kama sisi.” Baada ya miaka 9 aliweza kusoma kitabu cha Ruthu pasipo kutazama tafsiri. Kisha akaenda kuomba nafasi katika chuo kimoja. Wakamwuliza, “Cheti kiko wapi?” Hakuwa nacho. Hakutokea mtu wa kumfungulia kitabu na kumwambia, “Haya, soma.” Akaketi mwaka mzima pamoja na vijana, akifundishwa herufi alizozijua. Yeye hakunung'unika, sisi ndio tulioona uchungu.

Katika nchi ya Marekani iko mizani kwa mtu kama huyo. Huko mwanafunzi hukusanya krediti, yaani hesabu ya masomo aliyoyatimiza, mpaka zitoshe apewe shahada. Tena viko vyuo vinavyomkubali mtu aliyejua lugha kwa njia nyingine, nyumbani au ugenini, akifaulu mtihani wa kupima lugha hiyo. Chuo Kikuu cha New York kwa miaka mingi kilifanya mitihani ya namna hii kwa lugha nyingi, Kiebrania mojawapo, na aliyefaulu ule mkubwa aliweza kuhesabiwa hadi krediti 16. Hakuulizwa alifundishwa na nani. Aliulizwa anajua nini.

Lakini angalieni, ndugu, msije mkajikwaa. Mitihani hiyo kwa desturi hupima Kiebrania cha leo, kinachosemwa sokoni na nyumbani katika Israeli. Lugha hiyo ilirudi kuwa lugha ya nyumbani kwa juhudi za watu kama Eliezer Ben-Yehuda, aliyehamia Yerusalemu mwaka 1881. Kiebrania cha Manabii ni mama yake. Aliyemzoea mama hajui maneno yote ya mtoto. Tena si kila chuo kinachokubali mtihani wa mahali pengine. Basi mtu aulize kwanza chuoni kwake, ndipo alipe ada.

Na huku kwetu je? Mizani ipo, ingawa kazi yake ni nyingine. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina makao yake makuu hapa Kinondoni. Kwa utaratibu ulio chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, mtu mzima asiye na vyeti vya kawaida aweza kupimwa elimu aliyoipata kazini na maishani, na akifaulu afunguliwe mlango wa kuomba nafasi. Huo ni mlango wa kuingia. Haumpunguzii miaka ya kusoma. Hali kadhalika VETA, iliyo na chuo chake Chang'ombe katika Temeke, hupima mafundi waliojifunza mitaani na kuwapa vyeti.

Mtu asiseme Kiebrania ni kigeni mno kwetu. Kiswahili kimepokea maneno mengi ya Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Sisi twasema salama, wao shalom. Sisi nafsi, wao nefesh. Sisi malaika, wao malakh. Hata tukihesabu sita, saba na tisa, mwenye kujua Kiebrania husikia shesh, sheva na tesha. Na Krapf, alipofika Mombasa mwaka 1844, hakukuta shule ya kumfundisha Kiswahili. Alijifunza kwa sikio miongoni mwa wenyeji. Na kamusi yake, iliyochapwa mwaka 1882 baada ya kufa kwake, yasomwa na wataalamu hata leo.

Basi twawaomba mambo matatu. Ninyi mnaosoma peke yenu, andikeni siku kwa siku mliyosoma, ili mpate la kuonyesha. Ninyi wa parokia, mkimwona mwenye bidii, mchangieni ada ya mtihani kama mnavyochangia bati za kanisa. Na sisi waalimu, akija kwetu mtu asiye na karatasi, tusimfukuze kabla ya kumpima. Naye akipimwa akapungua, tumwambie kweli kwa upole.

Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini elimu iliyofungiwa chumbani haina wa kuinunua. Mwalimu wetu yule alituachia kitabu chake, na pambizoni mwa kitabu cha Ruthu ameandika kwa kalamu ya risasi tarehe ya kila aya aliyoishinda. Kimewekwa katika kabati la sakristia. Anayetaka kuanza, aje Jumamosi hii. Tutaanza na herufi ya kwanza.