MADA YA DARASA LA TAWI: LENIN, STALIN NA KITI CHA KATIBU



Narusha hapa mada niliyoitoa Jumapili, kwa ajili ya ndugu ambao hawakufika.

Tuliulizana: Lenin na Stalin walitoka chama kimoja, mbona waliitawala Urusi tofauti? Wengi mlisema ni tabia. Mimi naanzia kwenye vikao.

Kuanzia 1918 hadi 1922 chama kilifanya mkutano mkuu kila mwaka, hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto. Lenin alipingwa humo waziwazi. Stalin, baada ya mkutano wa 1939, hakuitisha mwingine hadi 1952. Vita Kuu iliisha 1945. Miaka saba iliyofuata alikuwa anasubiri nini?

Tusimsafishe Lenin, lakini. Januari 1918 Bunge la Katiba lilivunjwa baada ya kikao kimoja tu, na mwaka 1921 yeye ndiye aliyesimamia marufuku ya makundi ndani ya chama. Stalin aliikuta fimbo hiyo tayari.

Aprili 1922 Stalin akawa Katibu Mkuu. Kilionekana cheo cha makaratasi. Ila ofisi hiyo ndiyo iliyopanga makatibu wa mikoani, na hao ndio waliosimamia nani aje mkutanoni. Januari 1923 Lenin, akiwa mgonjwa, aliandika kwamba Stalin ni mkali mno, aondolewe. Barua ilisomewa wajumbe Mei 1924, mwenyewe akiwa ameshafariki. Haikuchapishwa, na Stalin akabaki.

Kilichofuata mnakijua. Njaa ya 1932 na 1933 iliua mamilioni. Sensa ya 1937 ilipotoa idadi ndogo kuliko aliyoitaka, matokeo yalifutwa na wakuu wa takwimu wakakamatwa. Mimi niliyesomea uhasibu, hapo ndipo niliposhtuka zaidi. Na katika wajumbe 1,966 wa mkutano mkuu wa 1934, Khrushchev alieleza mwaka 1956 kwamba 1,108 walikamatwa. Khrushchev mwenyewe aliondolewa na Kamati Kuu mwaka 1964, akaenda kupumzika nyumbani kwake.

Sasa, lipo pendekezo kwamba mkutano mkuu wetu wa tawi uahirishwe, na katibu ajaze nafasi za viongozi wa mashina. Najua limetolewa kwa nia njema, kwa sababu ya gharama. Katibu huyo ni mimi, na kwenye halmashauri ya Jumamosi nitalipinga. Gharama nimezipiga upya, tukiomba viti vya kuazima zinatosha.

Mwenye hoja tofauti aje nayo Jumamosi, saa 9 alasiri.

Katibu wa Tawi